Ulimi wa Jaji Katika Mizani

Mshtakiwa mmoja katika mahakama ya serikali kuu ya Marekani, huko Massachusetts, alipanda kizimbani kujitetea juu ya makosa ya dawa za kulevya. Alipokuwa akisema, alijifuta mikono. Ushahidi ulipokwisha kutolewa, jaji aliwageukia wanajuri, wale raia wa kawaida waliokaa kusikiliza na kuamua, akawaambia kwamba huenda wameona jinsi mtu yule alivyokuwa akijifuta mikono. Kwamba ni jambo la ajabu, lakini kujifuta huko takriban mara zote ni dalili ya uwongo. Akaongeza kuwa, kwa rai yake, kila neno la mtu yule lilikuwa uwongo, isipokuwa pale alipokubaliana na mashahidi wa serikali. Kisha, kwa adabu ya kisheria, akawakumbusha kwamba hiyo ni rai yake tu, haiwafungi, na kama hawaafikiani nayo basi ni wajibu wao kumwona hana hatia.

Wakamtia hatiani. Mwaka 1933 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Charles Evans Hughes, iliitengua hukumu ile. Jaji, ilisema mahakama hiyo, ana ruhusa ya kuuchambua ushahidi, lakini hana ruhusa ya kuupotosha wala ya kuuongezea. Aliposema habari ya mikono alijigeuza shahidi, naye ni shahidi asiyeapishwa, asiyeweza kuulizwa swali na wakili yeyote. Na onyo lile la kwamba rai yake haiwafungi halikuliondoa neno lenyewe, kwa sababu lilikuwa neno la aina inayoganda katika kumbukumbu za wasikilizaji.

Lau jaji yule angelikalia kiti chake Unguja au Mombasa mwezi wa Februari, upepo umelala na feni inazungusha joto lile lile, angeliwafunga watu wote waliomo chumbani, pamoja na karani wake. Kichekesho hicho kina uchungu ndani yake. Alichowapa wanajuri hakikuwa elimu ya daktari wala uzoefu uliopimwa mahali popote. Ilikuwa itikadi ya mtu mmoja aliyevaa joho, na joho ndilo lililoifanya ionekane elimu.

Taratibu za mahakama za Kiingereza, ambazo zilipandishwa jahazini zikateremshwa katika bandari nyingi za dunia, hugawa kazi hivi: sheria ni ya jaji, na mambo yaliyotokea ni ya juri. Nani alikuwapo, nani alisema nini, nani wa kuaminiwa, hayo huamuliwa na watu 12 wasiokuwa na cheo. Mgawanyo huo haukupatikana kwa hisani. Mwaka 1670, mjini London, wanajuri waliokataa kuwatia hatiani William Penn na William Mead walifungiwa bila ya chakula, kisha wakatozwa faini, na Edward Bushell aliyekataa kuilipa akawekwa gerezani. Ilimpasa Jaji Mkuu Vaughan atamke kwamba mwanajuri haadhibiwi kwa uamuzi wake. Tangu siku hiyo jaji alinyang'anywa fimbo. Ulimi aliachiwa.

Na ulimi huo, katika Uingereza, una ruhusa pana. Jaji anapotoa majumuisho yake mwishoni mwa kesi aweza kuwaeleza wanajuri anavyouona ushahidi, mradi tu awakumbushe kwamba wana uhuru wa kumpuuza. Mwaka 2005 Baraza la Malodi lilithibitisha kwamba hakuna hali yoyote ambayo jaji anaweza kuliamrisha juri limtie mtu hatiani. Basi kuamrisha ni marufuku, na kunong'ona mbele ya kadamnasi ni halali. Huo ndio upungufu ambao wanasheria wengi wameuzoea hata hawauoni tena, kama mtu aliyezaliwa karibu na soko la samaki asivyosikia harufu yake.

Mpenzi wa ushairi hahitaji wakili wa kumweleza jambo hili. Anajua kwamba shairi lile lile, wakilighani watu wawili, lawa mashairi mawili. Anajua kazi ya kituo, na kwa nini neno zito huwekwa mwisho wa ubeti. Majumuisho ya jaji ndio ubeti wa mwisho wa kesi. Mawakili wamekwisha kukaa, hawana tena haki ya kujibu, na juri huingia faraghani na sauti moja tu masikioni. Mwenye sauti hiyo ndiye anayeamua habari ipi itangulie na ipi ifuate, ipi itajwe kwa pumzi moja na ipi kwa kusita. Maneno "mshtakiwa anasema kwamba hakuwapo" yakiandikwa ni maneno safi kabisa. Yakisemwa kwa nyusi zilizoinuliwa ni hukumu. Nazo nyusi haziandikwi katika kumbukumbu za mahakama, kwa hiyo mahakama ya rufaa haizioni.

Mizani, kwa Waswahili, ni neno la wapimaji karafuu na la washairi pia. Mpimaji anayekaza kidole juu ya sahani hasemi uwongo hata silabi moja. Akimaliza, akamwambia mkulima kwamba yu huru kuukadiria mzigo wake kwa jicho, hajamrudishia kitu.

Iko kesi ambayo yafaa kusomwa na kila anayeshughulika na maneno, kwa kuwa mtu alinyongwa ndani yake kwa ajili ya fumbo. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala huko Croydon, kusini mwa London. Mmoja, Christopher Craig, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa na bastola. Wa pili, Derek Bentley, alikuwa na miaka 19, akili yake nzito, kusoma hakujui. Polisi wakapanda. Craig alimjeruhi mmoja wao kwa risasi, na baadaye akamuua mwingine, Sidney Miles. Bentley hakufyatua risasi yoyote, na Miles alipopigwa, Bentley alikuwa amekwisha kuwa mikononi mwa polisi. Craig, kwa umri wake, hakuweza kunyongwa. Bentley aliweza.

Maafisa watatu waliapa kwamba walimsikia Bentley akimpigia Craig kelele maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa kama "Mpe, Chris." Vijana wote wawili walikana kwamba maneno hayo yalisemwa. Na hata yakichukuliwa kuwa yalisemwa, msomaji ayatazame. "Mpe" ni kumkabidhi mtu kitu chake: mpe hiyo bastola, mambo yameharibika. "Mpe" pia ni neno la ugomvi wa mitaani: mpe, mtandike, asisahau. Kiingereza chake kina pande mbili hizo hizo. Mshairi akikutana na neno la namna hiyo hukaa nalo, huligeuza, huuliza lilisemwa na nani, kwa nani, katika hali gani. Wanajuri walistahili muda na utulivu wa kufanya hivyo hivyo, pamoja na swali linalotangulia yote, yaani kama lilisemwa kabisa, usiku, katikati ya milio ya risasi.

Walichopewa ni Lodi Goddard, Jaji Mkuu wa Uingereza. Katika majumuisho yake aliusifu ushujaa wa maafisa wale watatu, akasema ana yakini wanajuri wote wanaafikiana naye. Akawaambia kwamba kama ushahidi wao si kweli, basi watu hao wanafanya kila juhudi kumwondolea uhai kijana kwa kiapo cha uwongo. Je, wanajuri wako tayari kuamini hivyo? Kana kwamba baina ya ukweli na njama hakuna nafasi ya sikio lililosikia vibaya. Kukana kwa Bentley akakueleza kuwa ni kukana kwa mtu aliyemo katika hatari kubwa. Maneno hayo ni kweli, na ndiyo maana yanatisha: kila mshtakiwa wa kesi ya kifo yumo katika hatari kubwa, mwenye hatia na asiye na hatia. Ikiwa hatari hiyo ndiyo sababu ya kutomwamini, basi ufunguliwe mlango wa mti wa kunyongea na mahakama ifungwe. Kisha kikatajwa kile chuma cha ngumi kilichokutwa kwa Bentley, akawauliza kama wamewahi kuona silaha ya kutisha kuliko hiyo. Hakuna aliyedai kwamba Miles aliuawa kwa chuma cha ngumi.

Juri lilirudi baada ya dakika 75. Lilimwona Bentley ana hatia, lakini likaomba ahurumiwe. Ombi hilo dogo lina maana kubwa kuliko hotuba nyingi: watu wale waliona jambo kwa macho yao wenyewe, jambo ambalo halikuwamo katika majumuisho, na walipokosa mahali pa kuliweka wakalipachika pembeni mwa uamuzi wao. Hawakusikilizwa. Bentley alinyongwa katika gereza la Wandsworth tarehe 28 Januari 1953.

Tarehe 30 Julai 1998 Mahakama ya Rufaa, chini ya Lodi Bingham, iliitengua hukumu ile, na sababu kubwa ilikuwa majumuisho yenyewe: jinsi jaji alivyowasifu polisi, jinsi alivyoupotosha mzigo wa kuthibitisha, jinsi alivyomnyima mshtakiwa kesi ya haki. Miaka 45 ilikuwa imepita. Iris, dada yake Bentley, aliyeishika kazi hiyo karibu maisha yake yote, alifariki mwaka uliotangulia.

Watetezi wa desturi hii wanayo hoja moja nzuri, nayo yapaswa kuelezwa kwa kinywa cha mwenyewe. Agosti 1975, katika mji wa Lancaster, Jaji Bridge aliongoza kesi ya watu sita walioshtakiwa kulipua baa mbili za Birmingham mnamo Novemba 1974, mashambulizi yaliyoua watu 21. Katika majumuisho yake aliwaambia wanajuri kwamba, kwa rai yake, ambayo si majaji wenzake wote wanaoafikiana nayo, ikiwa jaji amekwisha kupata mtazamo ulio wazi juu ya kesi, ni bora auonyeshe kuliko kujifanya mtazamaji aliyekaa kileleni asiyeguswa na lolote. Yaani unyofu ni bora kuliko unafiki. Upendeleo unaosemwa waweza kupingwa, unaofichwa hauwezi.

Hoja hii husikika vyema mpaka iulizwe: upingwe na nani? Wakili amekwisha kukaa. Mshtakiwa amekwisha kukaa. Shahidi aliyekejeliwa amekwisha kwenda zake. Waliobaki ni watu 12 ambao kwa wiki kadhaa wamekuwa wakisimama jaji anapoingia, wakikaa anapowaruhusu, wakitoka anapowatoa. Kuwaambia watu hao kwamba wako huru kumpinga ni kama kumwambia mwanafunzi wa chuoni kwamba yu huru kumsahihisha mwalimu wake mbele ya wazazi. Huenda akatokea mmoja. Taratibu za haki hazijengwi juu ya huyo mmoja.

Na katika kesi ile mikono ilirudi tena. Mtaalamu wa serikali, Dakta Frank Skuse, alikuwa ameipima mikono ya watuhumiwa akatoa ushahidi kwamba baadhi yao walishika baruti. Mtaalamu wa utetezi, Dakta Hugh Black, alisema kipimo hicho chaweza kuonyesha matokeo yale yale kwa vitu vingine visivyo na hatia. Jaji aliwaonyesha wazi wanajuri ni mtaalamu yupi anayemwegemea, na hakuwa Dakta Black. Wale sita, wengi wao waliokuwa wakicheza karata garini kabla ya kukamatwa, walifungwa maisha. Baadaye ilikuja kubainika kwamba karata za kawaida zaweza kuacha mikononi alama ambayo kipimo kile huisoma kuwa baruti. Walitoka tarehe 14 Machi 1991, baada ya zaidi ya miaka 16. Jaji alikuwa mnyofu. Alisema alichokiamini. Alichokiamini hakikuwa sawa, na unyofu wake ndio uliokipa nguvu.

Iko hoja ya pili, dhaifu zaidi, ambayo husemwa mara nyingi kuliko ya kwanza: kwamba kesi ni ndefu, mashahidi ni wengi, na raia wa kawaida watapotea bila ya mtu wa kuwaongoza. Kwa hakika watu wasiozoea hupotea. Lakini kupanga si kupima. Karani wa ghala hupanga magunia kwa safu, akayapa nambari, akaonyesha lipi la nani, bila ya kusema lipi zito. Jaji aweza kusema: shahidi fulani alisema hili siku fulani, shahidi mwingine alisema lile, wanapingana mahali hapa, na swali mnalopaswa kulijibu ni hili. Hapo amesaidia, na bado hajasema nani mwongo. Jimbo la Washington, huko Marekani, liliyaandika hayo katika katiba yake tangu mwaka 1889: jaji asitoe maoni juu ya mambo yaliyotokea, bali atangaze sheria. Mahakama zake hazikufungwa kwa sababu hiyo.

Msomaji wa pwani aweza kuuliza haya yote yanamhusu nini, ilhali juri la watu 12 halikuwahi kuwa lake. Ni kweli, na ukweli huo una historia. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa mbele ya juri la Wazungu wenziwe. Mwafrika aliletewa wazee wa baraza, ambao walisikiliza, wakatoa maoni, na jaji akawa na hiari ya kuyakataa. Yaani yule alipewa waamuzi, na huyu akapewa washauri. Tanganyika nako wazee wa baraza walikaa kando ya jaji namna hiyo hiyo, na baada ya uhuru, Tanzania Bara iliwabakiza katika kesi za Mahakama Kuu kwa miongo mingi.

Hata hivyo wazee hao walikuwa na thamani, na mahakama zenyewe zilikiri. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ilieleza kwamba maoni ya wazee yaweza kumfaa sana jaji, lakini ikiwa tu wameelezwa sheria na kuelekezwa kwenye mambo makuu ya kesi. Na katika uamuzi uliomo katika ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ilikwenda mbele zaidi: jaji anapowafupishia wazee ushahidi ajiepushe, kadiri iwezekanavyo, na kufichua mtazamo wake au kutoa maneno yatakayowavuta upande huu au ule. Ni sentensi inayostahili kuchongwa juu ya mlango. Imekwenda mbali kuliko sheria ya Uingereza, na haikuhitaji mtu kunyongwa kwanza.

Sababu yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa barazani. Jaji wa Tanzania hakufungwa na maoni ya wazee. Neno la mwisho ni lake siku zote. Basi kwa nini awaambie anavyoona kabla hawajasema wanavyoona? Akiwauliza baada ya kuwaambia, anauuliza mwangwi, kisha mwangwi ukijibu anauandika katika hukumu kuwa ni ushauri.

Lakini yako mambo yaliyotokea kinyume cha sentensi ile ya 1993. Kesi nyingi za mauaji zilifika katika rufaa zikabatilishwa kwa sababu majumuisho yalikuwa na kasoro au wazee hawakushirikishwa ipasavyo, na watu waliokwisha kukaa rumande miaka wakarudishwa mwanzo. Ikasemwa kwamba wazee wanachelewesha kesi. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 2022, iliufanya uwepo wao kuwa jambo la hiari ya mahakama. Kasoro zilikuwa za ulimi na kalamu ya jaji. Aliyeondoshwa kitini ni mzee.

Hivi ndivyo mtu wa kawaida anavyotolewa mahakamani, iwe London au Dodoma. Kwanza husemewa, hata asione la kuongeza. Kisha husemwa kwamba haongezi kitu. Alipokuwa na la kuongeza, kama wale wa mwaka 1952 walioomba huruma, hakuna aliyeliandika mahali pa kuonekana. Anayetaka kujua kama raia wana macho, awaache watazame kabla ya kuwaonyesha.

Sheria ya 2022 haikuwafukuza kabisa. Jaji anayeona haja aweza bado kuwaita wakae kando yake, na mwenye kuwaita ana deni kwao. Awaeleze sheria kwa Kiswahili kinachoeleweka. Awapangie ushahidi wa pande zote mbili kwa kipimo kimoja cha maneno na kwa sauti moja. Kisha anyamaze, na aandike watakayosema jinsi walivyoyasema, hata yakimkera. Habari za mikono waachiwe wao. Ikiwa mshtakiwa amejifuta, wamemwona. Wamekaa hatua chache kutoka kizimbani, nao wanajua Februari ni mwezi wa namna gani.